Foleni Nyuma ya Marehemu

Maneno yaliyomfanya mama mmoja wa Kanazi akatae kwamba mwanawe amekufa niliyaandika mimi. Niliyaandika mchana, nimeshiba, nimekaa kwenye kiti changu cha ofisini pale kituoni Bukoba, na nilipoyasoma tena niliyaona mazuri. "Kazi yako imepata nafasi na imeanza. Endelea na mambo yako." Hayo tu. Hata leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi.

Ninatunza kompyuta za kituo cha utafiti. Tuna chumba kimoja kisicho na dirisha, na ndani yake kuna seva ishirini na mbili kwenye makabati matatu ya chuma, zimeunganishwa kwa nyaya ili zifanye kazi kama mashine moja. Huo mkusanyiko tunauita klasta. Kila seva ina prosesa, na kila prosesa ina kore kadhaa, yaani sehemu zinazoweza kupiga hesabu kila moja kivyake. Mtafiti mwenye hesabu kubwa, ambayo kwenye laptopu yake ingechukua mwaka mzima, huandika ombi: nipe kore kadhaa kwa saa kadhaa. Ombi hilo tunaliita kazi. Halafu ipo programu inayopokea kazi zote na kuamua nani aanze, nani asubiri, nani apewe kore ngapi. Sisi tunaiita mgawaji.

Mimi ni mtu wa Izigo, kule Muleba, na habari ya mgawaji sikuianzia chuoni. Kijijini kwetu nyumba saba zilikuwa na mtumbwi mmoja wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, na kila mtu alijua utaratibu wake. Mwenye mkungu mmoja hakumzuia mwenye harusi, na mwenye harusi hakuukalia mtumbwi wiki nzima. Aliyekamua juzi alikaa nyuma ya yule ambaye hajakamua tangu mwezi uliopita. Mgawaji wa klasta hufanya mambo hayohayo. Aliyetumia kore nyingi siku za karibuni hurudishwa nyuma, aliyekaa kimya muda mrefu husogezwa mbele, na vikazi vidogo huchomekwa kwenye nafasi zinazobaki ili kore isikae bure.

Kazi kubwa ndiyo yenye shida. Mtu anayetaka kore zote kwa mpigo hawezi kuanza maadamu vikazi vidogo vinaingia na kutoka. Kwa hiyo mgawaji humwekea akiba: ikifika siku yake huanza kuwazuia wadogo, kore moja moja zinaachwa wazi, mpaka zote zikusanyike kumpokea mkubwa. Mnyime akiba hiyo, na mkubwa atasubiri mpaka Yesu arudi.

Foleni ile ilinipa sifa. Nilikuwa nimechomeka kwenye seva moja modemu yenye laini ya simu, ili mgawaji awatumie watu ujumbe: kazi yako imepokelewa, imeanza, imefika nusu, imekwisha. Maneno yote ya Kiswahili, yangu mwenyewe. Wageni walipofika waliletwa mezani kwangu waone, na mkubwa wetu alizoea kusema kwamba pale kituoni hakuna mtu anayepita mlango wa nyuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilimwagia ndoo nzima.

Niliyemkosea alikuwa mtafiti wa ndizi, mwenyeji wa Kanazi, mwanamume mrefu mwenye mzaha mwingi, ambaye alitembea na simu ndogo ya kitochi mfukoni mwa shati kwa sababu, alisema, simu za kioo zinataka kulelewa kama mtoto mchanga. Alikuwa amekusanya vipimo vya aina nyingi za ndizi kutoka kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya huku kwetu, na alitaka kujua ni ipi inayovumilia ugonjwa wa mnyauko. Kazi aliyoituma kwenye klasta ilitaka kore zote kwa siku nne mfululizo. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Mashine iliwekwa kwa ajili hiyo.

Wiki ileile tulikuwa na kikao, na kulikuwa na wageni. Mtu mmoja akauliza kwa nini kazi zinachelewa. Yule bwana akajibu kabla yangu: "Foleni ya dada huyu ni kama chungu cha mama wa kambo. Wote mtakula, lakini wengine mtakula ukoko." Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane nimeumia.

Mimi nimelelewa na mama wa kambo. Ukoko ninaujua ladha yake, na yeye hakuwa anajua kwamba ninaujua. Lakini pale kikaoni sikumwona mtu mwenye mzaha. Nilimwona mtu aliyeingia nyumbani kwetu Izigo, akafunua chungu mbele ya wageni. Nilirudi mezani kwangu, nikafungua mipangilio ya mgawaji, nikaiondolea kazi yake akiba na kushusha uzito wake mpaka sifuri. Dakika haikuisha. Kwenye orodha ilionekana kama kazi nyingine yoyote inayosubiri, ila sasa isingeanza kamwe, labda itokee siku ambayo kituo kizima hakuna mtu hata mmoja anayetaka kore hata moja. Siku ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kutokea.

Nilikusudia siku mbili tatu tu, ashike adabu. Lakini kila asubuhi alipita mlangoni kwangu na kikombe cha chai. "Dada, zamu yangu vipi?"

"Inakaribia, kaka."

"Inakaribia ya kweli au ya kunibembeleza?"

"Mgawaji ndiye anayejua."

Naye alicheka, akaenda zake. Aliniamini. Wiki ya tatu hasira ilikuwa imekwisha kabisa, kilichobaki ni aibu, na aibu ni kaidi kuliko hasira. Kumrudishia akiba yake kulitaka nikae chini nikiri moyoni kwamba nimefanya jambo la kitoto. Nikasema kesho. Zikatimia wiki sita za kesho.

Jumapili moja alikwenda misa ya kwanza, akarudi, akala chakula cha mchana, akajilaza kidogo. Hakuamka. Watu walisema presha. Alikuwa hajatimiza hata miaka hamsini, na Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameniuliza habari ya zamu yake.

Huku kwetu msiba ukiingia kijijini hakuna anayeshika jembe mpaka marehemu azikwe. Jumatatu tulipokusanyika ofisini, dereva wetu, mtu mzima ambaye kwa kawaida hasemi vikaoni, alisimama akauliza: "Na hizi mashine zenu si ndiyo majembe yenu?" Tukakubaliana kwamba hakuna atakayetuma kazi yoyote mpaka tutoke kuzika. Zilizokuwa zimeshatumwa tuliziacha zimalizike zenyewe. Tangazo nililiandika mimi, na niliona ni heshima nzuri, hata machozi yalinilenga. Habari ya kazi yake iliyolala mkiani mwa foleni haikunijia kabisa. Hilo nitaliapia mahali popote.

Tulimzika Jumatano, kwao Kanazi, katikati ya migomba nyuma ya nyumba, pembeni ya baba yake. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyonyesha wala kukatika. Baada ya kuzika wanaume walikaa nje chini ya turubai, na sisi wanawake tukaingia ndani, tukakaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Mama yake alikaa karibu na ukuta. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, mnyoofu, macho makavu. Mapajani alikuwa na rozari na kile kitochi cha mwanawe, kwa sababu meseji za pole zilikuwa zinaingia, naye alikuwa anazisoma moja moja na kuziitikia kwa kichwa.

Yapata saa tisa alasiri kikalia tena. Akakisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Kazi yako imepata nafasi na imeanza. Endelea na mambo yako."

Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba huko nje. Kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akashika kichwa: "Maawe!"

Nilielewa palepale nini kimetokea, hatua kwa hatua, kama mtu anayesomewa hukumu. Kila mtu kituoni alikuwa ameweka jembe chini kwa ajili yake. Kazi ya mwisho ya mtu wa mwisho ilikuwa imekwisha. Kore zote zilikuwa wazi kwa pamoja, kwa mara ya kwanza, na mgawaji akatazama foleni nzima akakuta amebaki mmoja tu. Ilibidi afe, na sisi sote tuje kumzika, ndipo zamu yake ifike.

Mama alimwita shemeji yake, baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa nje. Mzee akaingia kwa kuinama, akaisoma meseji mara mbili, akaigeuza simu nyuma kana kwamba kuna maandishi mengine. "Kazi gani inaanza leo?" akauliza. "Mtu tumemfukia sasa hivi. Nani anayemfanyisha kazi?"

Sina haja ya kueleza kilichofuata kwa mtu aliyekulia Kagera. Neno msukule halikutamkwa, lilizunguka tu chumbani kutoka uso hadi uso. Mtu mzima amelala mchana hakuamka. Hakuugua. Hakuaga. Na sasa, udongo haujakauka, kuna mtu anatangaza kwamba ameanza kazi. Sote tumesikia tangu utoto habari za watu waliochukuliwa wakalimishwe mashamba ya wengine, na ndugu zao nyumbani wakalia na kuzika mgomba ndani ya jeneza. Ningeweza kusema. Mle ndani nilikuwa mtu pekee wa kituoni. Lakini swali la kwanza lingekuwa: kazi hiyo ilikuwa wapi siku zote? Nikainamisha kichwa nikachezea nyasi.

Asubuhi ya Alhamisi niliingia chumba cha seva na nikasimama mlangoni. Kwa kawaida chumba kile kina sauti zilizochanganyika, feni moja inapanda nyingine inashuka, kwa sababu kila seva ina kazi yake. Siku ile zote zilivuma sauti moja. Ishirini na mbili, sauti moja, haipandi wala haishuki. Taa za kijani zilikuwa zinawaka na kuzima kwa pamoja. Nilipita nyuma ya makabati, mahali hewa inapotokea, na joto lililonipiga usoni lilikuwa la mtu aliyekimbia.

Nikafungua orodha. Kulikuwa na mstari mmoja. Jina lake, kore zote, hali: inaendelea.

Kila kazi huandika maendeleo yake kwenye faili, na mtu huchagua mwenyewe iandike nini. Wengi huweka namba tu. Nikalifungua la kwake. Yeye alikuwa ameweka maneno, mzaha wake uleule, na kila baada ya dakika chache mstari mpya ulijiandika mbele yangu:

"Nimemaliza aina hii. Sijachoka. Naenda inayofuata."

"Nimemaliza aina hii. Sijachoka. Naenda inayofuata."

Niliogopa, sisemi uongo. Najua programu ni nini, na mstari ule uliandikwa na mtu aliyekuwa hai, wiki sita nyuma, kwa vidole vyake. Yote hayo nilijiambia kwa sauti, na sauti yangu ikamezwa na feni. Nilitoka nikiufunga mlango taratibu kama mtu anayemwacha mgonjwa amelala.

Wenzangu walirudi kazini siku hiyo wakatuma kazi zao, zikapangwa nyuma ya ile yake. Halafu wakaangalia orodha. Mmoja akaja mezani kwangu, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kosa. Nikasema hapana, ni zamu yake tu. Akarudi kwenye meza yake na kuiondoa kazi yake kwenye foleni. Kufika saa saba mchana kila mtu alikuwa ameondoa ya kwake. Hakuna aliyesema sababu, na mimi sikuuliza. Watu wenye digrii, wengine mbili, na hakuna aliyetaka kupanga foleni nyuma ya marehemu.

Wangejua kilichokuwa ndani ya modemu wangekimbia kabisa. Ile laini haikuwekwa kwa ajili ya kupokea chochote, lakini mtu akijibu ujumbe, jibu huingia kwenye kisanduku ambacho ni mimi tu ninayeweza kukifungua. Kwa kawaida hukuta matangazo ya vifurushi. Alhamisi alasiri nilikuta ujumbe kutoka namba ya marehemu.

"Nani mwenzangu? Mwenye simu hii tumemzika jana."

Ulikuwa umeandikwa vizuri, nukta mahali pake, herufi kubwa mahali pake. Mwalimu. Chini yake kulikuwa na mwingine, wa saa moja baadaye:

"Kama ni wewe mwanangu, jibu neno moja tu. Mama hatamwambia mtu."

Pana kisehemu cha kuandikia jibu. Niliandika "Mama", nikaliangalia neno lile, nikalifuta herufi moja moja. Ningeandika nini baada yake?

Niliwaza kuisimamisha kazi. Amri ni moja fupi. Lakini mgawaji angemtumia ujumbe, na ujumbe wenyewe niliuandika mimi, nikauweka kwa fahari yangu: "Kazi yako imekatishwa." Nilimfikiria akiusoma kwa sauti ile. Niliwaza kuchomoa modemu, nikashika hata waya. Basi angebaki na ukimya, akiandikia ukimya, na ukimya ungemwambia nini mama ambaye ameshaambiwa mwanawe yuko kazini mahali? Kila mlango niliougusa nilikuwa nimeujenga mimi mwenyewe, na kila mmoja ulifungukia Kanazi.

Ijumaa saa tisa kazi ilifika nusu, na mgawaji, ambaye hajui matanga, akatuma kama alivyofundishwa: "Kazi yako imefika nusu. Mambo yanakwenda vizuri." Nilikaa mbele ya kisanduku nikisubiri. Jibu halikuchelewa.

"Nimepata. Nusu ya nini? Wanakupa chakula?"

Nilitoka nje, nikasimama uani nikitazama ziwa bila kuliona. Niliporudi kulikuwa na mwingine.

"Baba yako mdogo amekubali. Kesho asubuhi tutafungua kaburi tuone kama ni wewe au ni mgomba. Vumilia, mwanangu. Tunakuja."

Wazee husema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeficha wiki sita na siku tatu, na sasa watu wangefukua maiti ya mtoto wao kwa sababu yangu, wakamkuta, wakamwona alivyokuwa siku hiyo ya tatu. Nilijua mama yule angesimama ukingoni na kutazama ndani. Asingemwachia mwingine.

Jumamosi nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Bilele, mjini, kumepambazuka, laptopu mgongoni, nikapanda bodaboda mpaka Kanazi. Ukungu ulikuwa mzito, migomba inatokea ghafla pembeni ya barabara na kupotea. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kukiri. Nilipanga nianze na kikao, halafu hasira, halafu akiba. Nilijiandaa kutukanwa na kufukuzwa, na nilijua nitaitikia tu.

Majembe na sepetu vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na wanaume sita wamekaa kwenye benchi. Katekista, waliniambia, alikuwa amekataa na kuondoka. Nikaingia ndani. Mama alikuwa palepale ukutani, lakini hakuwa yule niliyemwacha Jumatano. Alikuwa ameoga, amefunga kitambaa kizuri kichwani. Uso wake ulikuwa na nuru. Pembeni yake juu ya nyasi kulikuwa na shati la mwanamume lililopigwa pasi, na sahani ya ndizi na samaki iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Jani lilikuwa na unyevunyevu wa mvuke. Chakula kilikuwa cha moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, omwana wange. Wewe si wa kazini kwake? Umekuja kumpokea?"

Mazoezi yangu yote yakanitoka. Nilipiga magoti, nikasema mambo bila mpangilio: kwamba kuna mashine, kwamba ujumbe unatoka kwenye mashine, kwamba kazi ile aliituma mwenyewe akiwa mzima na ilikuwa inasubiri. Baba mdogo alikuwa ameingia nyuma yangu na jembe mkononi.

"Binti, mashine haimjui mtu kwa jina," alisema. "Na kama ilikuwa inasubiri, kwa nini ilisubiri mpaka siku ya kuzika? Nani aliiambia kwamba leo tunazika?"

"Hakuna aliyeiambia, waitu, mzee wangu. Sisi wote tuliacha kazi ili tuje huku. Ikabaki peke yake."

"Maneno hayo yanaweza kusemwa na yeyote. Hata na aliyemchukua."

Nikafungua laptopu pale juu ya nyasi, nikaiunganisha na mtandao wa simu yangu. Niliandika kazi ndogo kabisa, ya kuhesabu mpaka kumi, kwa jina langu, nikaituma. Tukasubiri. Baba mdogo alikuwa anapumua juu ya bega langu. Simu yangu ikalia, na sikuifungua mimi, nikampa mama.

Akaisogeza mbali na macho. "Kazi yako imepokelewa. Subiri zamu. Mbele yako kuna kazi moja."

Alichukua kitochi, akaviweka vyote viwili mapajani, akalinganisha namba ya mtumaji tarakimu kwa tarakimu, akisogeza kidole kama mwalimu anayesahihisha. Zilikuwa sawa.

"Hii moja iliyo mbele yako," akasema, "ni ya kwake?"

"Ni ya kwake, mama. Ilikuwa ianze zamani. Mimi ndiye niliyeizuia. Alinitania mbele ya watu nikakasirika, nikamweka nyuma wiki sita, na kila siku nikamwambia inakaribia. Nisamehe, mama. Angeyaona majibu yake akiwa hai."

Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa bado anaangalia zile simu mbili.

"Na zile nilizomwandikia?"

"Zinakuja kwangu."

"Yeye hazisomi."

"Hazisomi, mama."

"Hakuna mahali alipo anapozisoma."

"Hakuna."

Baba mdogo alishusha jembe taratibu mpaka likagusa sakafu. Mama alinyoosha mkono, akaligusa jani lililofunika sahani, akauondoa mkono.

"Kwa hiyo amekufa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Jumapili ileile."

"Jumapili ileile."

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa, na hakuna aliyenilaumu. Mama hakuniuliza habari ya foleni siku ile wala siku nyingine yoyote. Nilikuja Kanazi nikidhani nabeba kosa langu, kumbe nilibeba kitu kingine. Siku tatu alikuwa na mtoto aliye hai, mwenye njaa, anayefanyishwa kazi mahali pabaya, lakini hai, na anaweza kufuatwa. Alilichukua lile shati, akaliweka usoni, na sauti iliyotoka iliwafanya wanawake wa jikoni waje mbio wakidhani kuna msiba mwingine. Nje wanaume walianza kuondoa majembe ukutani na kwenda zao. Waliniambia baadaye kwamba tangu Jumapili hakuwa amelia hata mara moja. Alilia kama mtu aliyeletewa habari saa ileile, na aliyeileta nilikuwa mimi.